Ufunguo Ulikuwa Mfukoni

Usiku ule nilikaa jikoni nikiikodolea macho simu, kana kwamba simu huona haya ikitazamwa sana. Mwanangu wa kwanza, mwanamume mzima mwenye ndevu na kitambulisho cha kazi, alikuwa hospitali na rafiki zake wawili. Waliondoka jioni kwa teksi, mmoja wao kafungwa mkono kwa taulo langu la kuogea, na hakuna aliyekumbuka kunieleza mkono ulikuwa wa nani. Mimi niliona mgongo wa teksi tu, ukikata kona.

Nikaenda kuchungulia gereji. Taa inawaka, redio inaimba, boneti la gari liko wazi kama mdomo wa mtu aliyeshangaa. Sakafuni palikuwa na matone ya damu na kandambili moja. Niliinama nikaitazama ile kandambili. Ilikuwa ya Sindano, mmoja wa wale rafiki wawili. Nikamshukuru Mungu kwamba si ya mwanangu, kisha nikaona aibu kwa shukrani hiyo, kisha nikashukuru tena. Mama ni mama.

Baadaye kidogo Kinyozi, yule rafiki wa pili na msemaji wa kundi, akanitumia ujumbe: "Mama usijali, tuko sawa." Maneno matamu hayo. Mtu akikuambia usijali naye yuko hospitali, unavuta shuka unalala fofofo. Nilipanguza meza ambayo haikuwa chafu. Nikachemsha chai, ikapoa, nikaichemsha tena. Kulipokaribia kupambazuka simu ikalia.

"Ni vidole, mama," Kinyozi akasema. "Viwili. Mkono wa kulia."

"Vya Sindano?"

"Vya Sindano. Cha shahada kimekatika ncha. Cha kati kimevunjika, wamekifunga."

Sindano ni fundi cherehani. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. "Na mwanangu?"

"Yupo. Amekaa chini, kaegemea ukuta. Hasemi."

"Kaumia?"

Kinyozi akashusha sauti, na yeye si mtu wa kushusha sauti. "Hapana, mama. Yeye ndiye aliyebonyeza kitufe."

Mnipe nafasi nimweleze huyu aliyebonyeza, maana ukisikia habari yake kwa watu wengine utadhani ni jambazi. Ni mtu wa kawaida kabisa, tena wa kawaida mno. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema, na hata siku ya kuzaliwa alichelewa, mkunga akaenda kula akarudi. Shuleni hakuwa wa kwanza wala wa mwisho; walimu walikuwa wakimsahau. Rafiki zake wanamwita Mshale. Mshale wetu huyu anafanya kazi idara ya maji. Anasoma mita. Kutwa nzima anatembea kwa miguu nyumba hadi nyumba, anafunua vifuniko, anainama, anaandika, anabwekewa. Mwendo wake wa kasi ni pale mbwa anapokuwa hajafungwa.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyependa magari ya mbio. Tangu mdogo alikuwa akiyachora ukutani kwa mkaa. Nikamchapa, akahamia ukuta wa nyuma.

Gereji yenyewe aliijenga marehemu baba yake kabla hajapata gari. Alikuwa mtu wa mipango, Mungu amrehemu: kwanza gereji, kisha gari. Gari halikuja, mauti yakaja, nami nikairithi gereji nikafunga kamba za nguo ndani yake. Nilianikia humo miaka yote ya mvua bila kumkera mtu. Hadi siku Mshale, Sindano na Kinyozi walipochangishana wakanunua gari la mbio, likaletwa nyumbani kwangu likiwa juu ya lori. Kuukuu, jekundu pale ambapo kutu haijafika. Milango miwili, viti viwili, marafiki watatu. Hesabu hiyo walikuwa hawajaipiga.

"Mama, hili likipona litakimbia kuliko kila kitu mjini," Mshale akaniambia.

"Kwa sasa lori limelishinda," nikamjibu.

Kamba zangu zikahamishiwa uani. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi na Jumapili, nikawa na wanaume watatu gerejini na mlango wa jikoni hauna raha. Mama, una kitambaa kibovu? Mama, una sufuria usiyoitumia? Sufuria nisiyoitumia! Nikawapa moja, wakaoshea plagi za injini kwa petroli, na siku ya pili Kinyozi akaja kuuliza kama bado naihitaji.

Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Mshale alikuwa mhandisi, maana yake alitazama video kwenye simu kisha akasema, "Ni rahisi." Kinyozi alishika tochi na kutoa maoni. Sindano ndiye aliyefanya kazi. Viti viwili vya gari lile alivishona upya kwa ngozi, mshono ndani ya mshono, ukipitisha kiganja huoni panapoanza wala panapoishia. Tena alikuwa mwembamba kama jina lake, mkono wake ukiingia mahali ambapo mikono ya wenzake ilikuwa inagota. Kitu kikidondoka katikati ya injini na rejeta, ataitwa Sindano. Mkanda ukilegea, Sindano. Wakati wa kula naye haitwi, anakuja mwenyewe, ananawa, anakaa, anasema, "Mama, leo nimekuja kuonja tu," halafu anaonja sahani mbili.

Nakiri walikuwa na sheria moja ya maana. Anayetia mkono kwenye injini, anatia ufunguo wa gari mfukoni mwake. Ufunguo ulikuwa mmoja tu. Ukiwa mfukoni mwako, nani atawasha gari ukiwa umeinama humo? Waliishika sheria hiyo kama ibada. Nimewahi kumwona Kinyozi akimkabidhi Sindano ule ufunguo kwa mikono miwili, kichwa kakiinamisha, kama anampa cheo. Nami moyo wangu, ambao hautulii hata paka akivuka barabara, ulikuwa ukitulia kidogo nikiona ufunguo unaingia mfukoni.

Kisha swichi ya ufunguo ikaanza kugoma. Leo inawasha, kesho haiwashi. Mshale akatazama video, akasema ni rahisi. Akatoa waya kwenye betri, akaupeleka moja kwa moja kwenye stata, ile mota inayozungusha injini, na katikati ya waya akaweka kitufe. Chekundu, kikubwa kama kifuniko cha chupa. Akaniita nije nikione.

"Magari yote ya mbio yana kitufe, mama. Unabonyeza, injini inazunguka. Hata ufunguo usipokuwepo."

"Na mwizi je?" nikauliza.

Wakacheka wote watatu. "Mama, mwizi gani ataiba gari ambalo sisi wenyewe tunalisukuma?"

Mimi niliwaza wezi. Vidole sikuviwaza. Wao hawakuwaza chochote, walipiga picha.

Na sheria ya ufunguo wakaiacha palepale, haikuguswa. Hilo ndilo linalonichoma. Wangekuwa wahuni, watu wa kuvunja sheria, ningesema haya, wamevuna walichopanda. Lakini jioni ile mkanda wa feni ulikuwa ukipiga kelele, Sindano akaombwa aingize mkono, na kabla ya kuuingiza akanyoosha kiganja kwa heshima zote, akapewa ufunguo, akautia mfukoni, akaupigapiga kwa nje kuhakikisha. Kinyozi naye alikuwa anataka picha. Mshale akakaa kwenye kiti kilichoshonwa na Sindano, akavaa miwani ya jua ndani ya gereji isiyo na dirisha, akaweka kidole juu ya kitufe.

"Bonyeza kama kweli," Kinyozi akamwambia, simu juu.

Mshale akajiambia: ufunguo uko kwa Sindano, gari haliwezi kuwaka. Mtu aliyefunga waya ule kwa mikono yake mwenyewe! Akabonyeza. Na kweli gari halikuwaka. Halikuwa na haja. Injini ilijizungusha kidogo tu, kama mtu anayegeuka kitandani, mkanda ukaenda na vidole.

Picha ilitoka vizuri, nimeambiwa. Kinyozi aliifuta palepale hospitalini.

Sindano aliruhusiwa kwenda kwake. Nikapika, nikafunga chakula, nikamwambia mwanangu twende tukamwone.

"Nitakwenda Jumapili," akasema.

Nikaenda peke yangu. Sindano alikuwa amelala, au alijifanya amelala, mkono umefungwa mkubwa kama mkate. Nikakaa na mkewe, nikasema maneno yanayosemwa, nikarudi.

Jumapili ikaja, Mshale akasema kazini wana upungufu wa watu. Jumapili nyingine akasema kichwa kinamuuma. Jumapili iliyofuata hakusema kitu, alinitangulia kuamka akapotea mpaka jioni. Gari akalifunika kwa shuka. Si shuka lolote, ni lile langu jeupe la wageni. Gereji akaifunga, ufunguo wa gereji akauweka juu ya kabati langu kama mtu anayesalimisha silaha polisi. Kisha nikasikia kwa mwenzake wa kazini kwamba amebadilishana mtaa naye. Mtaa anaokaa Sindano ulikuwa wa Mshale kusoma mita tangu aajiriwe. Ameutoa, akachukua mtaa wa mlimani wenye ngazi na mbwa wakubwa. Mwanangu! Yuko radhi aumwe na mbwa wa watu asiowajua kuliko kufungua kifuniko cha mita mbele ya mlango wa rafiki yake.

Alikuwa akituma vitu kupitia kwa Kinyozi. Matunda, maziwa, dawa ya kupaka. Kinyozi alikuwa mjumbe mwaminifu. Nusu ya matunda ilifika.

"Anasemaje?" Mshale akimuuliza.

"Anasema asante."

"Basi?"

"Sasa ulitaka aimbe?"

Nyumbani akawa mtu wa kutafuna bila kumeza. Nikiongea anaitikia, nikinyamaza anaitikia vilevile. Usiku namsikia akigeuka upande huu, upande huu. Mimi mtu wa wasiwasi, nikikosa la kuhofia nalitafuta, lakini hapa sikutafuta. Lilikuwa limekaa mezani kwangu linachezea kijiko. Niliogopa kitu kimoja tu. Kwamba atazoea. Kwamba atakuwa mtu anayezunguka mji mzima kukwepa mlango mmoja, mpaka siku moja asahau kwa nini anazunguka.

Nikakutana na mke wa Sindano sokoni, kwenye foleni ya unga. Mwanamke mfupi, mdomo haukopi.

"Mama, shikamoo. Mwanao amehama mji?"

"Marahaba. Yupo, mwanangu."

"Haya. Mume wangu kaniuliza. Nikamwambia labda kahama, maana kama mtu yupo, yupo."

"Ana hasira sana?" nikamuuliza.

"Anazo, tena nyingi. Lakini za vidole ameshazimaliza, mama. Alizimaliza wiki ile ile, alitukana mpaka mtoto akatolewa nje. Hizi alizonazo sasa ni nyingine." Akabeba unga wake kichwani. "Kila Jumapili anavaa shati, anakaa sebuleni. Nikimuuliza unangoja nani, ananiambia nani kakwambia nangoja."

Nilirudi nyumbani sijui nilipita njia gani. Mshale alikuwa uani anafua soksi.

"Acha hizo soksi, uvae."

"Tunaenda wapi?"

"Unajua."

Akaendelea kusugua soksi moja mpaka nikaionea huruma. "Mama, nikifika nitamwambia nini?"

"Utasema hodi."

"Halafu?"

"Halafu utajua. Ukiwa umesimama hapa na povu mkononi utajuaje?"

"Na asipofungua?"

"Asipofungua utarudi. Mlango wangu unaujua ulipo."

"Nimemkata mtu mkono wa kazi, mama! Fundi cherehani! Ningevunja mguu wake angalau angeshona."

"Ndiyo," nikasema. "Umemkata. Sasa unataka na maneno hayo akayasikie kwa Kinyozi?"

Akaingia ndani. Akakaa, akakaa. Nikachungulia nikamkuta amesimama mbele ya kabati, mashati yote yako kitandani.

"Vipi, unakwenda kuoa?"

"Natafuta ambalo hakulishona yeye."

Hakulipata. Akavaa fulana ya idara ya maji, imeandikwa mgongoni kwa herufi kubwa, tunza maji. Tukatoka. Ndiyo, nilimsindikiza. Nimezaa mwanamume wa ndevu anayesindikizwa na mama yake kama siku ya kwanza ya shule, na njiani alikuwa akinikumbusha kwamba hajaomba kusindikizwa. Nikamwambia mimi naenda kununua mboga. Mboga ziko mtaa ule tu? Ziko mtaa ule tu.

Nyumba ya Sindano inatazama barabara. Chumba cha mbele ndicho cha kushonea, mlango wa mbao wa kijani, na kando yake dirisha lenye pazia. Ng'ambo ya barabara kuna muuza mboga mwenye kibanda. Nikajisogeza pale, nikainua kitunguu nikakikagua kama nakinunua kwa maisha.

Tulipofika tulisikia cherehani. Ndani ya chumba ilikuwa inalia, lakini si ule mlio wa Sindano tunaoujua, mlio wa mvua kwenye bati. Ilikuwa inakwenda kidogo, inasimama. Inakwenda kidogo, inasimama. Mshale akasimama njia panda ya miguu yake mwenyewe, mmoja mbele mmoja nyuma. Nikakohoa. Akaenda.

"Hodi."

Cherehani ikanyamaza.

"Hodi humu ndani."

Pazia likacheza kidogo, likatulia. Halafu, hamwezi kuamini, cherehani ikaanza tena. Kidogo, ikasimama. Kidogo, ikasimama. Mtu anakusikia na anashona.

Mshale akageuka akanitazama ng'ambo. Nikatazama kitunguu.

"Mama, utachukua?" muuza mboga akaniuliza.

"Nipe na kingine."

Mshale hakurudi. Nilifikiri atarudi, niseme ukweli, miguu nilishaiandaa. Alikaa kizingitini, mgongo kwenye mlango, tunza maji ikitazama mbao. Watu walipita wakamsalimia. Mmoja akamuuliza kama bili imetoka. Akasema bado.

"Huyo si yule wa mita?" muuza mboga akanong'ona. "Wamemkatia maji nini yule fundi?"

"Nipe na nyanya."

"Mama, una shughuli nyumbani? Maana hivi ni vitunguu vya harusi."

"Pima tu, baba."

Cherehani ikasimama, haikuendelea. Mshale akageuza kichwa, shavu likawa karibu na mlango. Akaanza kusema. Hakupaza sauti, lakini barabara wakati ule ilikuwa haina gari, na masikio yangu Mungu alinipa ya ziada.

"Ni mimi niliyebonyeza," akasema. "Nilijua una ufunguo, nikasahau waya. Waya niliufunga mimi. Kinyozi alisema nibonyeze, lakini kidole kilikuwa changu." Akashika kizingiti. "Ilikuwa nije siku ile ile. Niliogopa. Sikuwa na kazi Jumapili, wala kichwa hakikuniuma. Niliogopa tu, basi."

Pazia likacheza tena.

"Sikuja kuomba turudi gerejini," akasema tena. "Gari liuzwe, litupwe, sijali. Nimekuja tu. Usipofungua nitakaa hapa, nikichoka nitakwenda, kesho nitarudi. Mtaa huu nauomba tena kazini."

Muuza mboga alikuwa ameacha kupima. Tulisimama wawili, mizani ikining'inia kati yetu, nyanya moja ikajiviringisha ikaanguka na hakuna aliyeifuata. Nikaanza kuomba dua kimoyomoyo, nikagundua naomba ile ya kuombea wasafiri, nikaendelea nayo hivyo hivyo.

Komeo likatikiswa kwa ndani. Mtu alikuwa analivuta kwa mkono usiozoea. Likakwama, likarudi, likavutwa tena. Nilimwona Mshale akiinuka, akainua mkono kutaka kusaidia kwa nje, mahali ambapo hakuna cha kushika, akaushusha.

Mlango ukafunguka. Sindano alikuwa amekonda, mtu ambaye nilidhani hana tena pa kukonda. Shingoni alikuwa na utepe wa kupimia. Mkono wa kulia ulikuwa kifuani, kitambaa sasa kidogo, kimebana vidole viwili. Akamtazama mwanangu kuanzia viatuni mpaka kichwani, taratibu, kama anampima suti.

"Fulana gani hiyo?" akasema.

"Ya kazini."

"Mishono ya mabega imekaa upande." Akatazama juu ya bega la Mshale, ng'ambo ya barabara, akaniona moja kwa moja, mimi na mfuko wangu. "Na mama vipi, amepanga hapo kibandani?"

"Anasema ananunua mboga," Mshale akajibu, sauti ikamvunjika katikati ya mboga.

"Mwambie aje. Anatuharibia soko." Akarudi ndani bila kumshika mkono wala kumpiga, akamwachia mlango wazi.

Mshale akavua viatu, akaingia. Nami nikavuka barabara na vitunguu vyangu.